Mgeni Rasmi wa Jakobsberg

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na kuna ambazo huzisimulia akiangalia mlango uko wapi, na hii yangu ya Jakobsberg ni ya aina ya pili, kwa hiyo msinishangae nikisimama katikati ya maneno au nikienda jikoni kuchungulia birika, ni vile tu siwezi kuieleza nikiwa nimetulia. Miaka imepita mingi (ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, magoti yangu yalikuwa bado mazima), lakini treni ikisimama pale Jakobsberg mpaka leo huwa naangalia upande wa pili.

Wakati huo nilikuwa nakaa Tensta, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tano. Kazi yangu ilikuwa kufanya usafi hospitalini, zamu ya alfajiri, na nikitoka hapo nakimbilia basi hadi Spånga, nadandia treni hadi Jakobsberg, nakaa darasani shule ya watu wazima nikijifunza biashara: hesabu za vitabu, barua za ofisini, kupiga taipu bila kuangalia vidole. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilikuwa na haraka, haraka ya mtu anayeona wenzake wa Wundanyi waliobaki nyumbani wana meza zao na kalamu zao, yeye aliyevuka mawingu yuko na ndoo. Nilikuwa silali vizuri, silali kabisa wakati mwingine, nafikiria meza. Msinicheke. Wengine huota nyumba, mimi niliota meza yenye droo.

Sasa, kulikuwa na Umoja wa Wanafunzi wa Biashara wa mkoa mzima wa Stockholm. Kila shule iliyofundisha biashara ilikuwa na tawi lake, kuanzia kule Norrtälje mpaka Södertälje, na sisi wa Jakobsberg tulikuwa tawi dogo lakini lenye domo. Mwenyekiti wa mkoa alikuwa kijana mmoja mrefu anaitwa Anders, wa Vårby gård, mpole, anaongea kana kwamba anaomba radhi kwa kupumua. Umoja ulikuwa unatimiza umri mkubwa, ukaamuliwa ufanyike mkutano wa kusherehekea, na mtu asimame asimulie historia ya Umoja tangu kuzaliwa kwake. Anders akauliza nani atajitolea kuisoma ile mihtasari ya zamani, maboksi manne yamekaa stoo yananuka panya, na katika ukumbi mzima wa Waswidi ambao wote waliangalia viatu vyao, mkono uliopanda juu ulikuwa mmoja. Wangu.

Nisiwadanganye kwamba niliipenda historia. Niliipenda nafasi. Mwanzilishi wa Umoja alikuwa sasa mzee mwenye kampuni yake mjini, kampuni ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na kila mwaka alikuwa anamchukua mwanafunzi mmoja wa Umoja kwa mafunzo ya miezi sita ofisini kwake, na karibu kila aliyechukuliwa alibaki na kazi. Mwaka ule alisema hatachagua kwa barua, atakuja kwenye mkutano atuone kwa macho, kisha ataamua. Mnaelewa? Mzee atakaa pale mbele, na mtu atakayesimama dakika ishirini kumsimulia maisha yake mwenyewe ni mimi. Nikajiambia, Wakesho, Mungu akupe nini tena.

Basi nikasoma. Wiki sita nilisoma ile mihtasari na kamusi pembeni, kwenye treni, kwenye basi, chooni, mpaka nikawa naijua historia ya ule Umoja kuliko ya ukoo wetu. Nikajua ulianza miaka ya hamsini kwenye chumba cha chini cha shule moja ya biashara, vijana watano, wakinunua kahawa kwa magunia na kuwauzia walimu, ili wajifunze kuuza kwa kuuza na si kwa kukariri. Nikajua tawi la pili lilizaliwa kwa sababu ya ugomvi. Nikajua wasichana walikubaliwa kuwa wanachama baada ya mmoja wao kuuza kuliko wavulana wote na kukataa kutoa siri yake mpaka wapige kura. Nikajua mwisho wa miaka ya sitini, wanafunzi walipoona biashara ni dhambi na kila mtu anaandamana, Umoja ulibaki na watu watatu na mbwa mmoja (mbwa ameandikwa kwenye mahudhurio, nimemwona kwa macho yangu), na wale watatu wakaendelea kukutana kila Jumamosi mpaka shule mpya za vitongojini zikafunguliwa na Umoja ukapata pumzi. Niliandika yote hayo kwa Kiswidi changu, Anders akanisahihishia, nikayapiga taipu mara tatu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, jina la mzee. Alikuwa na jina la ukoo lenye herufi zinazogombania mlango, nikilitamka linatoka kama kikohozi, na nilipomuuliza Anders nifanyeje akasema, "Mwite Gunnar tu."

"Gunnar tu? Mzee wa watu?"

"Sisi wote tunamwita Gunnar," akasema Anders, naye anashangaa ninachoshangaa.

Nyie mnajua nchi ile, hata daktari mkuu anaitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto anayetumwa chumvi. Lakini mimi nililelewa na bibi ambaye ungemtaja mzee kwa jina tupu, kofi lingefika kabla neno halijaisha. Nikaamua sitamwita Gunnar na sitajaribu lile la ukoo. Nitasema "mgeni wetu mkubwa," na atakuwa mgeni rasmi kama wageni rasmi wa kwetu, mwenye meza yake, kitambaa chake, maua yake na chupa yake ya maji. Waswidi walikuwa wamepanga nini? Waswidi walikuwa wamepanga kahawa. Kahawa na keki, na mzee akijisikia aseme maneno mawili. Nikaona hapana, hawa watu hawajui kuheshimu, ngoja niwafundishe.

Nikamwita Nalongo. Nalongo ni Mganda, jirani yangu pale Tensta, alikimbia kwao enzi zile za vurugu, alikuwa anafanya kazi nyumba ya wazee, mwanamke mnene wa mwili na wa moyo, na kwa mambo ya sherehe hakuna wa kumshinda Skandinavia nzima. Nilipomweleza akasema, "Huyo mzee tunamvalisha kanzu." Akaitoa sandukuni, kanzu nyeupe ya Kiganda yenye nakshi nyekundu kifuani, ya marehemu kaka yake. "Hii ilikuwa ingojea mutu wa maana," akasema. Mimi nikalia kidogo. Naye akalia kidogo. Kisha tukakanda mandazi.

Siku yenyewe Jumamosi, theluji inaanguka tangu asubuhi, mkutano saa saba kamili. Mimi nilifika ukumbini saa tano na nusu nikiwa na kitenge na viatu vya kisigino. Nikakuta mlango uko wazi na ndani kuna mzee mmoja, mwembamba, sweta la kijivu limetoboka kiwiko, kofia ya sufu, anapanga viti. Amevipanga duara lililokatika, kama kwato ya farasi. Kahawa tayari inachemka kwenye ile mashine kubwa. Nikajua, mlinzi wa shule huyu, au fundi, au mzee tu wa pale mtaani anayependa kusaidia. Nikafurahi, mikono imepatikana.

"Habari mzee, asante kwa viti," nikamwambia kwa Kiswidi, "lakini si hivi. Tunataka mistari. Mistari minyoofu, na mbele meza kubwa peke yake."

Akaangalia viti vyake. "Hivi watu wanaonana," akasema.

"Leo hawana haja ya kuonana, watamwona mgeni."

"Sawa sawa," akasema, na akavibomoa. Kimoja kimoja. Wenzangu, nilimwonyesha kwa kidole! Hiki huku, kile kule, hapana mzee, hiki kinayumba, toa. Alipomaliza nikampa kitambaa atandike meza, kisha nikaona kimekunjamana nikamwambia akitoe tena. Nalongo alipoingia na sufuria la mandazi nikamtuma mzee akalipokee mlangoni, na akalibeba kwa furaha kabisa, akauliza yametengenezwa na nini, akala moja, akasifu. Hakuuliza mimi ni nani wa kumtuma. Wala mimi sikumuuliza yeye ni nani. Tulikuwa na kazi.

Saa sita na robo ikanijia ile fikra ambayo natamani ningeiacha ipite. Nikafikiria, mgeni rasmi atashuka treni, theluji yote hii, hakuna mtu wa kumpokea? Kwetu hata mkaguzi wa shule hupokelewa barabarani. Mimi siwezi kutoka, Nalongo anapanga sahani, Anders na wenzake bado wako njiani. Nikamgeukia mzee wa viti.

"Mzee wangu, nifanyie hisani moja ya mwisho. Nenda kituoni ukampokee mgeni wetu mkubwa. Anakuja na treni kutoka mjini."

"Kuna mgeni mkubwa?" akauliza. Kwa mshangao, nakumbuka. Akavua miwani akaipangusa.

"Mkubwa sana. Ndiyo sababu ya mkutano."

"Hawakuniambia. Anaitwa nani?"

Na hapo, jamani, hapo ndipo. Ningesema Gunnar tu mambo yangekwisha. Lakini nilimwona pale na sweta lake, nikaona siwezi kulitupa jina la mgeni rasmi mbele ya mpanga viti kama ganda la muwa, na lile la ukoo sikulijaribu. Nikasema, "Utamjua tu. Mtu mkubwa hajifichi. Atakuwa na suti na mkoba. Usirudi bila yeye."

Akachukua koti lake, akafunga skafu vizuri, akatoka. Mimi nikamwona kupitia dirishani akivuka uwanja kwenye theluji, polepole, ameweka mikono nyuma, nikamwambia Nalongo, "Huyu mzee ana adabu sana, tukimaliza nimfungie mandazi."

Saa saba kasoro dakika tano wanafunzi walikuwa wamejaa, kwa sababu Waswidi hawachelewi hata wakiwa wanaumwa. Anders akaja anahema, treni ya kutoka Vårby gård ilikuwa imemtesa mpaka akamalizia na basi, akaona mistari, akaona meza na maua, akafumba macho akafumbua. Akauliza tu, "Gunnar amefika?"

"Bado. Nimeshatuma mtu kituoni."

"Ajabu. Gunnar hajawahi kuchelewa."

Saa saba ikapita. Anders akataka tuanze. Nikamwambia mgeni rasmi hajafika, tunaanzaje? Akasema tunaanza tu, tukisema saa saba ni saa saba. Nikasema kwetu hata harusi ya bwana harusi aliyechelewa hungoja. Akasema ndiyo, lakini. Nikasema lakini nini. Nilikuwa sikai, nazunguka, dirishani, mlangoni, dirishani, nimeshika karatasi zangu zimeloa jasho, nikimwona mtu yeyote mwenye koti roho inaruka. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Watu sitini wamekaa kwenye mistari minyoofu wanaangalia chupa moja ya maji. Anders akasema anaenda chini ofisini kupiga simu nyumbani kwa mzee, pengine amepatwa na jambo kwenye barafu, na uso wake ulikuwa umebadilika kweli. Akatoka.

Hajafika mwisho wa ngazi nadhani, gari jeusi likasimama nje.

Nililiona kwanza mimi. Mercedes, inang'aa, imepanguswa theluji yote. Akashuka mwanamume wa makamo, mnene, koti jeusi lenye vifungo vya dhahabu, tai, kofia yenye ukingo, mkononi boksi kubwa jeupe lililofungwa utepe na kwapani kitabu. Nikasema ahaa! Hata zawadi ametuletea! Na hotuba ameiandika kitabuni! Nikamkimbilia mlangoni visigino vinateleza, nikapokea lile boksi kwa mikono miwili na goti limepinda, na Nalongo nyuma yangu akaachia vigelegele ambavyo naamini vilisikika mpaka Barkarby.

"Samahani," akasema yule bwana, "mimi nataka tu mtu anitilie sahihi..."

"Baadaye, mzee, sahihi baadaye, karibu, karibu sana!" Nikamshika mkono. Nalongo akamshika wa pili. Akataka kusema tena lakini Nalongo alikuwa ameshamvua kofia na kanzu inashuka kichwani kwake. Mnajua kanzu ikishapita mabega haina majadiliano. Ikamkaa juu ya koti, imembana tumboni, nakshi zimekaa upande, na kabla hajajua mkono uko mlango upi alikuwa ameketi kwenye meza kuu, maua mbele yake, mandazi kulia, kahawa kushoto. Akaangalia kahawa. Akaangalia nje kwenye theluji. Akaangalia kahawa tena. Akainywa.

Ukumbi ukapiga makofi, kwa sababu mimi nilipiga. Wale wanafunzi wengi hawakuwahi kumwona mwanzilishi, hata picha hakukuwa ila ile ya vijana watano wenye nywele za mafuta kwenye muhtasari wa kwanza. Kulikuwa na msichana mmoja mstari wa pili anamnong'oneza mwenzake, nikamkazia macho akanyamaza. (Baadaye nilikuja kujua alikuwa akisema, huyu si ndiye aliyenileta na teksi wiki iliyopita? Lakini Mswidi hakatizi mtu, hata nyumba ikiungua atasubiri umalize sentensi.)

Nikasimama. Nikajisahau hata hofu. Nikasema, "Mgeni wetu mkubwa, mwanzilishi wetu, baba wa Umoja," nikainama, yule bwana naye akainama na andazi mdomoni, nikaanza. Na niseme ukweli, nilisoma vizuri. Kahawa ya magunia, walicheka. Msichana na siri yake, wakapiga makofi. Mbwa, mbwa aliwamaliza, hata mgeni wangu alicheka mpaka kanzu ikalia mshono. Nikawa nazungumza naye moja kwa moja, "unakumbuka, mzee, baridi ya kile chumba cha chini?" naye anatikisa kichwa kwa huruma, "baridi, ndiyo, ndiyo." Nikaiona meza yangu. Wallahi niliiona, mpaka droo.

Nikafungua ukurasa wa nne. Niliuandika kwa mkono wangu, nikaupiga taipu mara tatu, na bado nilipoanza kuusoma kwa sauti ilikuwa kama unasomwa na mtu mwingine. "Imeandikwa katika kila muhtasari wa miaka ile," nikasoma, "kwamba mwanzilishi alifika saa nzima kabla ya wengine wote, akapika kahawa, akapanga viti mwenyewe, na alivipanga kama kwato ya farasi, kwa sababu alisema..."

Nikarudi mwanzo wa mstari kwa kidole.

"Kwa sababu alisema," nikajaribu tena, "watu wanaofanya biashara lazima waonane."

Nikaangalia viti. Mistari minyoofu. Nikamwangalia mgeni wangu, anachovya andazi la tatu kwenye kahawa. Jasho likanitoka sehemu ambazo sikujua zina jasho. Nilikuwa nayajua yale maneno, niliyapenda hata, lakini kichwani mwangu yalikuwa ya kijana. Kijana hupanga viti. Kijana akishakuwa mtu mkubwa hupangiwa, si ndivyo? Si ndiyo maana ya kuwa mkubwa? Hivyo ndivyo nilivyojua mimi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Anders, mweupe kama ile kanzu, na nyuma yake mzee wa viti, theluji mabegani, theluji kwenye kofia, pua nyekundu. Alipomkosa kwenye simu, Anders alikuwa amekimbia kituoni kuuliza kama kuna mtu ameanguka, akamkuta amesimama chini ya ubao wa saa za treni. Sasa mzee hakwenda mbele, hakutazama meza, hakutazama kanzu. Alinijia mimi, pale nilipokuwa nimesimama na ukurasa wa nne, akavua kofia, na mbele ya matawi yote ya mkoa wa Stockholm akasema kwa unyenyekevu:

"Nisamehe, bibi. Nimengoja treni tatu. Mgeni mkubwa hakufika."

Ile mashine ya kahawa inakoroma.

Kisha yule bwana wa meza kuu akainuka na kanzu yake, akainua kile kitabu chake, akasema, "Basi pengine wewe ndiye utanitilia sahihi? Ni keki za mkutano, nimetumwa na duka la mikate. Mimi ni wa teksi."

Sikumbuki nani alicheka wa kwanza. Nakumbuka Nalongo akisema "Yesu wangu" na kukaa juu ya boksi la keki. Nakumbuka sitini wale, watu ambao kabla ya siku ile sikuwahi kuwaona meno, wamelala juu ya viti vyangu vinyoofu wanalia. Dereva alivuliwa kanzu na watu wawili ikamkwama shingoni, naye akasema kutokea ndani yake kwamba kahawa ilikuwa nzuri. Na mzee Gunnar, alipokwisha kuelezwa, alisimama kidogo akifikiria, akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa nikijingoja mwenyewe?" Nikasema ndiyo, mzee. Nilisema hivyo nikiwa nimepiga magoti.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa maana angekasirika ningepata la kujitetea. Alisema tu, "Tuvirudishe viti kwanza." Watu sitini wakanyanyuka wakavirudisha kwato ya farasi, nami nikabeba changu nikalia nacho, na historia nikaimalizia nikiwa nimeketi, kwa sauti ya mgonjwa, huku wote wananiona uso.

Wiki mbili sikulala. Kila simu ikilia nadhani ni yeye. Nikawa nafuta korido moja ya hospitali mara mbili na kuisahau nyingine. Halafu kweli akapiga mwenyewe, akaniita ofisini kwake mjini. Nikavaa sketi ya shughuli, nikaenda, moyo unaniambia amesamehe, mzee mwenye roho ile lazima amesamehe. Alinipikia kahawa kwa mkono wake. Akasema historia niliyoandika ni nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, angependa ichapwe kijitabu. Akasema hana kinyongo hata chembe, na pale kituoni alipata muda wa kufikiri ambao hajaupata tangu afungue kampuni.

"Lakini nafasi nimempa msichana wa Södertälje," akasema.

Nikauliza kwa nini, ingawa nilikuwa najua. Kumbe sikujua. Akanisogezea lile tangazo la nafasi lililokuwa limebandikwa shuleni, ambalo mimi kwa haraka yangu nilisoma mstari wa kwanza tu, penye neno ofisi. Kazi yenyewe ilikuwa ya mapokezi. Kukaa mlangoni pa kampuni na kupokea wageni.

"Anayekaa pale," akasema mzee, taratibu, bila kunicheka, "kila anayeingia hamjui. Mwenye suti hamjui, mwenye sweta hamjui. Inabidi awaulize wote. Wewe ulinituma saa nzima kwenye baridi, Wakesho, na hukuniuliza jina langu."

Jamani. Nilitoka pale nikapita mlango wake wa mapokezi, ile meza iko hapo, ina droo tatu, nikashuka ngazi kwa miguu kwa sababu lifti ina kioo. Kwa sababu hospitalini, miaka miwili, madaktari na manesi walikuwa wanaruka ndoo yangu kila alfajiri, wananiambia huku kumemwagika, kule kumechafuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naitwa nani, nami kila siku nilirudi Tensta nikimlalamikia Nalongo kwamba watu wa nchi hii hawana utu. Siku ya kwanza niliyopata mtu wa kumtuma, nilimtuma vilevile.

Meza nilikuja kuipata, miaka mingi baadaye na kwingine, na ina droo moja tu na haifungi. Lakini niliapa kitu siku ile kwenye treni ya kurudi, na nimekitimiza mpaka nimekuwa kero. Mnanionaga kwenye sherehe zenu, sikai, nazunguka, naingia jikoni, natoka nje kwa wanaovuta sigara, namfuata anayebeba masufuria, na kila mtu namuuliza, samahani, wewe jina lako nani, na wengine wananiambia wazi kwamba wanadhani mimi ni mpelelezi wa polisi. Wadhani tu. Huyu kijana aliyewaletea soda sasa hivi na mkamwambia aziweke pale, mmoja wenu anijibu, anaitwa nani?